Sindano ya Mgongo Inayoongozwa na Picha: Ni Nini, na Inamfaa Nani?



 

Mvua zinapoanza hapa Singida, kazi ni nyingi. Tunalima mtama, uwele na alizeti. Tunainama tangu asubuhi mpaka jioni. Wakati wa kiangazi tunabeba maji, kuni na magunia ya vitunguu. Basi si ajabu kwamba katika zahanati watu wengi huja na neno moja: "Mganga, mgongo unauma." Wengine husema magoti, nyonga au mabega.

Hatuko peke yetu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Siku hizi kuna habari inayozunguka vijijini. Watu wanasema mijini kuna sindano ya mgongo ambayo daktari huichoma huku akiangalia picha. Wengine wanasema sindano hiyo inamaliza ugonjwa kabisa. Minadani nako kuna watu wanaotembea na mikoba, wanasema wanayo sindano hiyohiyo, tena kwa bei nafuu.

Je, maneno haya ni ya kweli? Katika makala hii tutaeleza sindano hiyo ni nini, inafanyaje kazi, inamfaa nani, na inaweza kumdhuru nani. Soma polepole. Kisha msomee jirani yako asiyejua kusoma.

MGONGO NA VIUNGO VIMEJENGWAJE?

Pitisha kidole chako katikati ya mgongo. Utagusa vifundo vigumu. Hivyo ni pingili za uti wa mgongo. Pingili zimepangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo. Kazi yake ni kupokea uzito, ili mfupa usisage mfupa.

Ndani ya pingili kuna njia. Katika njia hiyo unapita uti wenyewe, ambao ni kamba ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Kando ya kila pingili hutoka mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo huenda mikononi, tumboni na miguuni. Mto laini ukijitokeza na kuubana mshipa wa fahamu, mtu husikia maumivu yanayoshuka mguuni kama moto.

Goti, nyonga na bega ni viungo. Mwisho wa mfupa umefunikwa na gegedu, yaani mfupa laini unaoteleza. Kuna pia ute, kama mafuta ya baiskeli. Gegedu likilika kwa uzee au kwa kazi nzito, kiungo huuma na kukakamaa.

SINDANO HAZIFANANI

Watu wengi hudhani sindano ni sindano. Sivyo. Ziko za namna nyingi. Tutazame tatu.

Ya kwanza ni sindano ya msuli. Huchomwa kwenye paja, bega au tako. Dawa huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Haiendi kwenye mgongo peke yake.

Ya pili ni sindano ya mshipa wa damu. Hii nayo dawa yake huzunguka mwili mzima.

Ya tatu ni sindano ya mahali penyewe. Hii huchomwa ndani ya kiungo au karibu na mshipa wa fahamu unaouma. Dawa hufanya kazi hasa palepale. Sindano inayoongozwa na picha ni ya namna hii ya tatu.

Sasa umeona jambo moja. Mtu wa mnadani akikuchoma kwenye tako, hajakuchoma sindano ya mgongo, hata akiiita hivyo. Mara nyingi huwa ni dawa ya kutuliza maumivu au vitamini ya rangi nyekundu. Maumivu hupungua siku chache, kisha hurudi.

PICHA INASAIDIAJE?

Tufikirie kisima. Hapa kwetu maji yako mbali chini ya ardhi. Ukichimba popote, unaweza kupata mwamba mtupu. Ndiyo maana wapimaji huja kwanza na vyombo vyao, wakatafuta mahali penye maji kabla ya kuchimba.

Sindano ya mgongo ni hivyohivyo. Mahali panapotafutwa ni padogo sana, tena pako ndani. Kando yake kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Mkono peke yake hauwezi kujua ncha ya sindano imefika wapi. Picha humwonyesha daktari ncha hiyo.

Picha zinazotumika ni za namna tatu:

1. Eksirei inayoonyesha picha ikitembea kwenye kioo kama cha televisheni. Miali ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, huko Ujerumani, mwaka 1895. Huonyesha mifupa vizuri.

2. Altrasaundi. Hii ni mashine ileile inayotazama mtoto tumboni mwa mama. Hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Inafaa kwa bega, nyonga na goti.

3. Siti skani. Hii ni eksirei kubwa inayopiga picha za mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa.

Si kila sindano ya kiungo inahitaji picha. Goti liko karibu na ngozi, na daktari aliyefundishwa anaweza kulichoma bila picha. Nyonga iko ndani zaidi, kwa hiyo picha husaidia sana. Kwa sindano za uti wa mgongo zinazotibu maumivu ya muda mrefu, picha ni ulinzi mkubwa.

INACHOMWAJE?

Kazi hii hufanyika hospitalini, katika chumba safi. Mgonjwa hulala kifudifudi. Ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Daktari huchoma kwanza dawa ya ganzi. Kisha huingiza sindano nyembamba taratibu, huku akitazama kioo. Akitumia eksirei, mara nyingi huweka kwanza dawa kidogo inayoonekana kwenye picha, ili ahakikishe amefika mahali panapotakiwa na hayumo ndani ya mshipa wa damu. Baada ya hapo ndipo huweka dawa yenyewe.

Kazi yote mara nyingi haifiki saa moja. Mgonjwa hupumzika, hutazamwa, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku ileile. Asiendeshe pikipiki wala baiskeli siku hiyo, maana mguu unaweza kuwa na ganzi.

Dawa inayowekwa mara nyingi ni mchanganyiko wa ganzi na steroidi. Steroidi ni dawa ya kupunguza uvimbe. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake huko Marekani waliitumia mara ya kwanza dawa ya jamii hii, iitwayo kotisoni, kwa mgonjwa wa viungo. Mwaka 1950 walipewa Tuzo ya Nobel.

JE, INAPONYA?

Hapa tuseme kweli. Sindano hii haijengi upya gegedu lililolika. Hairudishi mto wa pingili mahali pake. Inapunguza uvimbe na maumivu. Nafuu ikija, hukaa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi kadhaa. Wengine hawapati nafuu yoyote.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya wagonjwa 140 wa magoti huko Marekani. Nusu walichomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Nusu walichomwa maji ya chumvi tu. Mwishoni maumivu yao yalikuwa karibu sawa. Lakini waliochomwa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Funzo ni hili: kuchomwa mara kwa mara katika kiungo kimoja kunaweza kukila kiungo hicho.

Mwaka 2025 jopo la wataalamu liliandika ushauri katika jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ. Lilitazama maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi mitatu ambayo hayatokani na saratani, maambukizi wala ugonjwa wa viungo wenye uvimbe. Lilishauri wagonjwa wa namna hiyo wasichomwe sindano hizi kwa kawaida, kwa sababu faida ni ndogo au haipo, na hatari ipo. Wako madaktari wasiokubaliana na ushauri huo. Wao husema wagonjwa wachache, hasa wenye mshipa wa fahamu uliobanwa, hupata nafuu ya muda inayowawezesha kufanya mazoezi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sindano hii ni chombo kimoja katika mkoba wa daktari. Haitolewi kwa kila mgongo unaouma. Hutolewa baada ya kupima na kufikiri.

HATARI ZAKE

Dawa ikiingia mahali ambapo vijidudu vimejificha, vijidudu hupata nguvu. Steroidi hupunguza askari wa mwili. Kwa mgonjwa wa kisukari, sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Kwa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, anaweza kutoka damu ndani ya mgongo. Mara chache sana, mtu anaweza kupooza.

Usafi nao ni jambo kubwa. Mwaka 2012 huko Marekani, dawa ya sindano ya mgongo kutoka kiwanda kimoja ilikuwa imeingia ukungu. Zaidi ya watu 750 waliugua na zaidi ya 60 walikufa. Ikiwa hayo yalitokea kwenye mahospitali yenye kila chombo, je, chini ya mti mnadani?

Sindano ya tako nayo ina hatari yake. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Mtu asiyefundishwa akiuchoma, mguu unaweza kulegea na kuburuzwa siku zote. Na bomba la sindano likitumiwa kwa watu wawili, linaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

MGONGO UNAWEZA KUFICHA UGONJWA MWINGINE

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii.

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja anaumwa mgongo miezi minne. Anasema ni jembe. Anauza mbuzi wawili, anachomwa sindano mnadani. Anapata nafuu kidogo. Anarudi, anachomwa tena. Huku nyuma anakonda. Usiku anatoka jasho. Mkewe anaona kifundo kimetokeza mgongoni. Siku moja anaamka, miguu haina nguvu.

Ugonjwa wake haukuwa jembe. Ulikuwa kifua kikuu cha mgongo. Wengi wanajua kifua kikuu cha kukohoa. Lakini vijidudu hivyo huweza pia kuingia katika pingili na kuzila. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Pingili ikianguka, mtu hupata kibyongo, na uti ukibanwa miguu hupooza.

Kifua kikuu cha mgongo kinatibika. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali nchini Tanzania. Mgonjwa humeza vidonge miezi mingi bila kuruka. Akiwahi, hutembea. Akichelewa kwa kufuata sindano za nafuu ya siku chache, anaweza asitembee tena.

Ugonjwa wa pili unatuhusu sisi wafugaji. Ni bruselosi, ambao wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huupata wakaharibu mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika kondo na kitoto kilichotoka bila kuvaa mipira mikononi. Homa huja na kwenda. Mgongo, nyonga na magoti huuma. Huu nao unatibika kwa dawa maalumu. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Ukimzalisha mnyama, jikinge mikono.

Kwa wazee, maumivu ya mgongo yasiyokoma usiku na mchana yanaweza kuwa saratani iliyofika mfupani, kama ile ya tezi dume au ya titi.

Kwa hiyo kwanza ujulikane ugonjwa, ndipo ifikiriwe sindano.

NENDA KITUO CHA AFYA SIKU HIYOHIYO UKIONA HAYA

1. Miguu inalegea au inakufa ganzi.
2. Mkojo unakataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila kujua.
3. Sehemu za siri na mapaja kwa ndani hazina fahamu.
4. Kiungo kimevimba, kina moto, na una homa. Huenda kuna usaha ndani.
5. Umeanguka juu ya mti, nyumba au pikipiki, na mgongo unauma sana.

USIKAWIE KWENDA ZAHANATI UKIONA HAYA

1. Unakonda, unatoka jasho usiku au una homa.
2. Kifundo kimetokeza mgongoni.
3. Maumivu hayapungui hata ukilala.
4. Maumivu yamezidi wiki sita.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Kama huna dalili hizo, usiogope. Migongo mingi inayouma ghafla hupata nafuu katika wiki chache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya muda mrefu ya chini ya mgongo. Mambo yanayosaidia ni kumwelimisha mgonjwa na kumpa mazoezi. Hayahitaji kuuza ng'ombe.

Usilale kitandani siku nyingi. Msuli usiotumika hudhoofika. Tembea kila siku, hata kama ni kidogo.

Ukiinua mzigo, piga magoti, usiinamishe mgongo. Ushike mzigo karibu na tumbo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Afadhali madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Kama ipo baiskeli, punda au mkokoteni, tumia. Na baba, usimwachie mama peke yake kazi ya maji. Mgongo wake ni kama wako.

Tumia jembe lenye mpini mrefu unaokutosha. Badilisha kazi kila baada ya muda. Lima, kisha simama unyooke, kisha endelea.

Mazoezi mawili ni haya. La kwanza la mgongo: lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, inua kiuno juu, hesabu mpaka tano, shusha. Rudia mara kumi. La pili la goti: kaa kwenye kigoda, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu mpaka kumi, shusha. Rudia mara kumi kila mguu. Fanya asubuhi na jioni. Maumivu yakizidi sana, acha na uje zahanati.

Vidonge vya maumivu utumie kwa ushauri wa zahanati. Vingine hudhuru tumbo, figo au mama mjamzito, hasa vikimezwa muda mrefu.

UKIPEWA RUFAA

Safari huanza zahanati. Kutoka hapo huenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Singida mjini. Ikihitajika zaidi, unaweza kupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma, au Bugando iliyopo Mwanza, au KCMC iliyopo Moshi. Dar es Salaam, karibu kilometa 700 kutoka kwetu, ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo ni ya mifupa na mishipa ya fahamu.

Utaalamu wa kutibu kwa kuongozwa na picha unakua hapa nchini. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwafundisha madaktari wa kazi hiyo mwaka 2019, kwa kushirikiana na wenzao wa nje. Wa kwanza walihitimu mwaka 2021. Kazi zao ni nyingi: kutoa usaha uliojificha ndani, kufungua njia ya mkojo iliyoziba, na kuchukua kinyama kidogo cha kupima saratani. Mtu aliyekuwa apasuliwe huweza kutibiwa kwa tundu dogo la sindano.

Kabla ya kukubali sindano ya mgongo au kiungo, muulize daktari mambo haya. Si utovu wa adabu kuuliza. Ni haki yako.

1. Ugonjwa wangu unaitwaje? Umepimwaje?
2. Je, mmehakikisha si kifua kikuu wala bruselosi?
3. Dawa gani itachomwa, na itanisaidia muda gani?
4. Je, nitachomwa kwa kuangalia picha?
5. Hatari zake ni zipi kwangu? Mwambie kama una kisukari, ujauzito, homa, au unameza dawa yoyote.
6. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na malazi? Bima yangu italipa?

Pata majibu haya kwanza. Usiuze mnyama kabla ya kuyajua. Baada ya sindano, ukiona homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, au miguu kulegea, rudi hospitali upesi.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye hivyo. Tusome, tujadiliane, kisha tutende.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Taja namna tatu za sindano zilizoelezwa. Zinatofautianaje?
2. Kwa nini daktari huangalia picha anapochoma uti wa mgongo?
3. Katika kijiji chenu, nani ana mgongo unaouma zaidi ya wiki sita? Je, amepimwa?
4. Maziwa yanachemshwa katika nyumba zenu? Kama sivyo, kwa nini?
5. Mtafanya nini ili mzigo wa maji upungue kwa akina mama wa kijiji chenu?

Tabibu Msaidizi, Zahanati ya Kijiji, Mkoa wa Singida